Mtoto Si Mpira

Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Embu, Chuka na Meru, kuna hukumu inayotolewa upesi kila mtoto anapoanguka. Anainuliwa kwa makwapa, anapanguswa vumbi, anaambiwa atembee hatua mbili tatu. Akitembea, kesi imekwisha. Wazee wana sababu yao: mifupa ya watoto ni laini, haivunjiki kama ya mtu mzima, na hata ikivunjika itajiunga yenyewe kabla shule hazijafunguliwa. Ukidhani hayo ni maneno ya vijijini tu, sikiliza yanayosemwa katika ofisi ya walimu baada ya mwanafunzi kuporomoka ngazini, au tazama foleni ya zahanati, ambapo mtoto aliyekuja kwa miguu yake huwekwa nyuma ya yule aliyebebwa. Imani hii ina nguvu kwa sababu nusu yake ni kweli. Mifupa ya watoto kweli ni laini, na mkono wa mtoto wa miaka 6 ukivunjika hupona upesi kuliko wa babu yake. Kosa linaanzia pale hoja inapohamishwa kutoka mkononi hadi mgongoni, kana kwamba mgongo ni mkono mwingine. Ninachodai hapa ni kwamba kwenye uti wa mgongo ulaini huo haumkingi mtoto. Unalificha jeraha lake, na kuwapa wanaomtazama moyo wa kulala usingizi.

Umbile lenyewe ndilo shahidi wa kwanza. Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine na kufungwa pamoja kwa kano, na katikati yake umepita ugwe wa mgongo, lile fungu la mishipa ya fahamu linaloshusha amri kutoka ubongoni na kupandisha habari kutoka mwilini. Kwa mtoto, sehemu kubwa ya pingili bado ni gegedu, kano zinavutika, na viungo vya shingo ni bapa kiasi kwamba pingili moja huteleza juu ya nyingine bila kizuizi kikubwa. Juu ya hayo yote kimekaa kichwa kizito, kikubwa mno kwa uwiano wa kiwiliwili kinachokibeba, mfano wa boga juu ya kijiti. Ndiyo maana mtoto wa chini ya miaka 8 akirushwa mbele, shingo yake hukunjika juu kabisa, karibu na pingili ya pili na ya tatu, wakati ya mtu mzima hukunjika chini zaidi, kwenye ya tano na ya sita. Mwaka 1960 mtafiti Leventhal alieleza jambo ambalo lingetosha kuimaliza hoja ya ulaini: uti wa mtoto mchanga unaweza kuvutwa hadi sentimita 5 bila kukatika, lakini ugwe uliomo ndani hukatika ukivutwa kwa zaidi ya milimita 6 hivi. Yaani nyumba inanepa na kurudi mahali pake, na mwenye nyumba amekwisha kufa. Samaki mkunje angali mbichi, tunaambiwa, na ni kweli atakunjika. Methali haikuahidi lolote juu ya kilichomo ndani ya samaki.

Kutokana na umbile hilo, hata picha inaweza kusema uongo. Mwaka 1982 madaktari wa upasuaji wa neva Dachling Pang na James Wilberger walichapisha habari za watoto 24 waliokuwa wameumia ugwe wa mgongo huku picha zao za eksirei zikionyesha pingili zisizo na ufa wowote, zilizokaa sawasawa. Zaidi ya nusu ya watoto hao hawakupooza papo hapo. Walipooza baadaye, wengine ikiwa imepita hata siku ya nne. Na wengi wa hao waliocheleweshewa msiba walikumbuka kwamba muda mfupi baada ya kuumia walisikia ganzi, au vichomi vya ghafla kama vya umeme, au walihisi kwamba miguu haikuwa yao kwa dakika chache, kisha hali ikapita. Hebu lipime jambo hilo kwa desturi zetu. Mtoto ameanguka, miguu imekufa ganzi kidogo, ganzi imeisha, ametembea hadi nyumbani, picha imepigwa na imetoka safi. Katika mji wowote wa huku mlimani, mtoto huyo ameshatangazwa mzima mara tatu: na mama yake, na mguu wake, na eksirei. Siku ya tatu anarudi uwanjani kucheza mpira, kwa sababu hakuna aliyemwuliza kuhusu ile ganzi, na yeye mwenyewe anaiogopa adhabu ya kupanda mti kuliko anavyouogopa mgongo wake.

Wala si lazima ugwe uguswe ndipo liwe jeraha. Wanaosema "angekuwa amevunjika angepooza" wanachanganya mambo mawili. Mivunjiko mingi ya pingili haiufikii ugwe kabisa, na mtoto hutembea nayo, hukimbia nayo, hulalamika siku mbili kisha hunyamaza. Chukua ule mchezo wa kuvuta kiti mwenzako anapotaka kukaa, ambao bado unachekwa madarasani. Mtoto huanguka na makalio kwenye sakafu ya saruji, kishindo kikapanda moja kwa moja hadi pale kifua kinapokutana na kiuno, na upande wa mbele wa pingili ukabonyea kama kona ya mkate wa boflo ulioketiwa. Analia kidogo, darasa linacheka, kengele inalia. Kishindo hicho hakichagui pingili moja. Kwa watoto ni kawaida kukuta kadhaa zimebonyea, tena pengine zisizopakana, ndiyo sababu daktari makini akiona moja hutaka kuutazama uti wote. Nyumbani, dawa ya jioni ni maji moto yenye chumvi na mikono ya bibi. Sina ugomvi na mikono ya bibi. Kukanda misuli iliyochoka ni hekima ya siku nyingi, lakini kuubonyeza na kuupinda mgongo ambao hujui kilichovunjika ndani yake ni kazi nyingine kabisa, na hata bibi angekuwa wa kwanza kuiacha kama angeambiwa ukweli.

Eneo hili nalo lina njia zake za kuvunja migongo. Huku ni nchi ya miti yenye fedha. Murang'a na Nyeri kuna maparachichi, Kirinyaga na Embu kuna makadamia, na ukishaipita Meru kuelekea Maua unaingia Igembe, kwenye mashamba ya miraa. Miti mikongwe ya miraa, ile yenye bei, ni mirefu na matawi yake ya juu ni membamba, na mwenye uzito mdogo ndiye anayefaa kuyafikia. Mwenye uzito mdogo ni mvulana. Mparachichi una hila yake. Ule wa kienyeji, uliopandwa zamani kutoa kivuli kwenye kahawa, hurefuka kupita paa la nyumba, na tawi lake halitoi onyo. Halipindi kama tawi la mpera, hukatika ghafla kwa mlio mmoja. Mfanyabiashara amekuja na gari, anataka matunda kabla ya saa sita, na likizo ya Aprili na ya Agosti huangukia wakati matunda yako mtini. Hayupo mzee wa miaka 50 atakayepanda. Watu husema ajali haina kinga, na hapo ndipo imani ya ulaini inapogeuka kuwa sera ya uchumi isiyoandikwa: mtoto apande kwa sababu ni mwepesi, na akianguka hataumia sana kwa sababu ni mlaini. Kinga ipo, nayo ni ya bei ndogo: mti mfupi wa kubebeshwa, na mwanzi mrefu wenye kisu na mfuko wa wavu kwenye ncha. Wakulima wengi wa parachichi aina ya Hass tayari wanavuna hivyo, kwa sababu tunda lililoanguka halinunuliwi. Inachekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka, kwamba tulijifunza kulilinda parachichi lisigonge chini kabla hatujajifunza kumlinda anayelichuma.

Kisha kuna barabara. Kanuni zilizoanza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004, ambazo Wakenya wote huziita Sheria za Michuki kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, mbunge wa Kangema, mtu wa huku huku mlimani, zililazimisha matatu kuwa na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mkanda kwa kila kiti. Zilikuwa kanuni njema na ninazitetea. Lakini mkanda uliofungwa kwenye viti vingi vya nyuma ni ule wa kiunoni pekee, na ulikusudiwa kiuno cha mtu mzima, chenye mifupa ya nyonga iliyotokeza na kuushikilia. Mtoto wa miaka 7 hana nyonga hizo. Mkanda hupanda tumboni, na matatu inapogonga, kiwiliwili chake hujikunja juu yake kama shati juu ya kamba ya kuanikia. Pingili ya kiunoni hupasuka kwa upana, kuanzia nyuma kwenda mbele, na utumbo hubanwa kati ya mkanda na mgongo. Mvunjiko huo una jina la daktari wa picha, Mwingereza George Chance, aliyeueleza mwaka 1948, kabla mikanda ya magari haijawa jambo la kila siku. Dalili yake ya nje ni mchubuko wa rangi ya zambarau uliolala tumboni kama mstari uliopigwa kwa rula. Anayeuona mstari huo aukague mgongo, na anayeukuta mgongo umevunjika hivyo alichunguze tumbo, maana mara nyingi vyote viwili vimeumia pamoja. Na bado huyo mwenye mkanda ana nafuu kuliko mwenzake aliyepakatwa. Kutoka stendi ya Karatina hadi Othaya, mtoto asiyelipiwa kiti husafiri mapajani, na gari likisimama ghafla anakuwa mto wa kumkinga mtu mzima aliye nyuma yake. Mkanda ni bora kuliko kutokuwa nao. Ukae chini kwenye mapaja, si tumboni, na mtoto awe na kiti chake. Nauli ya kiti hicho ndiyo bei halisi ya mgongo wake katika safari hiyo.

Watetezi wa mtazamo ninaoupinga hawakosi la kusema, na la kwanza lina takwimu ndani yake. Mivunjiko ya uti wa mgongo kwa watoto ni michache. Katika nchi zinazohesabu vizuri, ni kati ya 1 na 3 tu kwa kila mivunjiko 100 ya watoto. Kwa nini basi kaunti iliyokosa glavu ihangaike na jambo la nadra? Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama hesabu ingekuwa ya vitu vilivyotafutwa. Jeraha ambalo mwenye nalo anatembea, ambalo familia inalikanda nyumbani, na ambalo picha ya kwanza inaweza kutoliona, litaonekana nadra mahali popote ambapo kutembea ndicho kipimo. Lakini hata tukiukubali uchache huo bila ubishi, bado haumsaidii anayeutegemea. Mkono uliokosewa huacha kiwiko kilichopinda kidogo. Ugwe uliokatika kwa sababu ya kuinuliwa vibaya huacha mtoto wa miaka 9 mwenye mpira wa mkojo, mwenye kugeuzwa kitandani kila saa mbili asitoke vidonda vya kulalia, na mama aliyeacha kazi. Hatupimi jambo kwa idadi peke yake. Moto wa bweni nao hutokea kwa nadra, na tangu usiku ule wa Septemba 2024 pale shule ya Hillside Endarasha, ulioua wavulana 21 katika kaunti hii hii ya Nyeri, hakuna mzazi atakayesikiliza mtu akimwambia kwamba uchache ni sababu ya kutojiandaa.

Kuna pia kundi la watoto ambao imani hii huwaumiza kwa njia ya kinyume, nao ni wale ambao pingili zao huporomoka bila kishindo chochote cha maana. Mtoto analalamika mgongo kwa wiki sita, anaanza kutembea kwa tahadhari kama aliyebeba ndoo iliyojaa, hataki kuinama kuokota kitu, anachuchumaa kukifikia. Familia inatafuta sababu na kuipata bila shida, kwa kuwa kila mtoto aliwahi kuanguka mahali fulani: alisukumwa na kaka yake, aliteleza bafuni, aliruka kutoka kwenye trela ya nyasi. Kuanguka huko kunabeba lawama yote, na kwa kuwa kuanguka kwa mtoto hakuna neno, hakuna kinachofanywa. Wakati huo huo kifua kikuu kinaitafuna pingili kutoka ndani, taratibu, bila kikohozi chochote. Percivall Pott aliandika habari za ugonjwa huu London mwaka 1779, na bado katika nchi yetu, pingili ya mtoto iliyoporomoka bila ajali kubwa inapasa kudhaniwa kuwa ni kifua kikuu hadi vipimo vikanushe. Dawa zake ni za bure katika vituo vya serikali na humezwa kwa mwaka mzima. Zikianzwa mapema mtoto hubaki amenyooka. Zikichelewa, pingili mbili tatu hukunjamana na kibiongo hutokeza, na kibiongo cha mtoto huendelea kukua hata baada ya vijidudu kufa. Kuna na sababu nyingine, saratani ya damu ikiwemo, na mifupa myepesi ya kuzaliwa nayo. Zote zinataka swali moja ambalo imani ya ulaini hailiulizi: je, anguko hili lilitosha kumvunja mtoto mzima wa afya? Na likiwa halikutosha, nini kilimvunja? Kwa kitoto kisichotembea bado, swali hilo hilo huelekea mahali pengine penye giza zaidi, yaani kwa mikono ya mtu aliyekishika, na mhudumu asiye na ujasiri wa kuliuliza anakirudisha kwenye mikono hiyo.

Hoja ya watetezi wa ulaini iliyo nzito zaidi ni ya kupona. Watoto hupona, wanasema, na hapa sayansi iko upande wao kwa sehemu kubwa. Pingili iliyobonyea kidogo kwa mtoto wa miaka 8 huweza kurudisha urefu wake inapoendelea kukua, jambo ambalo pingili ya mtu mzima haiwezi kamwe. Mivunjiko mingi ya namna hiyo haihitaji kisu: dawa ya maumivu, mapumziko, pengine mshipi mgumu wa kiwiliwili kwa wiki kadhaa. Na mtoto aliyeumia ugwe nusu nusu ana matumaini makubwa kuliko mtu mzima aliyeumia vivyo hivyo. Nayakubali hayo yote, na ninauliza: nani amepona kwa njia hiyo? Ni yule aliyejulikana kuwa amevunjika, akapumzishwa, akafuatiliwa. Kupona si hoja ya kutomchunguza. Tena kukua kuna sura mbili. Kunakomnyoosha mtoto mwenye jeraha dogo ndiko kunakompinda mwenye jeraha kubwa. Mtoto aliyepooza kabla ya kubalehe, ambaye misuli ya mgongo haimshikilii tena, karibu lazima uti wake upinde kando mwaka baada ya mwaka anavyorefuka, hadi mbavu zikaribie nyonga na pumzi iwe fupi. Mtu mzima aliyeumia pingili ile ile hapati pigo hilo la pili. Pingili ambayo sehemu yake ya kukulia imepondwa upande mmoja nayo hukua upande mmoja. Kijana wa shule ya upili ana hatari yake mwenyewe: yule mrusha mkuki au mchezaji wa raga anayeumwa kiunoni kila akijipinda nyuma anaweza kuwa na ufa mwembamba uliotokana na kurudia rudia, na ufa huo hufunga akipumzishwa mapema. Akiambiwa ni uvivu, akaendelea, unaweza usifunge tena. Kwa hiyo ninayoipinga si sayansi ya kupona. Ninapinga kuitumia kama blanketi la kufunikia.

Wanaposhindwa hapo, husema fedha. Mashine ya MRI, inayotumia sumaku na kuonyesha ugwe wenyewe, haiko kila mji. Hospitali ya umma ya majeraha ya uti wa mgongo iko Nairobi, kilomita 150 kutoka Nyeri na zaidi ya 200 kutoka Meru, na vitanda vyake ni vichache kwa taifa zima. Hospitali ya watoto ya CURE, iliyofunguliwa Kijabe mwaka 1998, iko ng'ambo ya Aberdare. Skani ya CT nayo ina mionzi, na mionzi kwa shingo ya mtoto si mchezo. Mambo haya ni ya kweli na wizara na kaunti zinastahili kusumbuliwa kwayo. Lakini hakuna anayedai kila mtoto aliyeteleza apigwe picha. Kinachodaiwa ni kwamba kabla ya kuamua nani apigwe, mtu aangalie, na kuangalia hakuna risiti. Afisa wa kliniki anapitisha kidole juu ya uti wa mtoto, pingili kwa pingili, kuanzia kisogoni, akitazama uso na si mgongo, kwa maana uso ndio utakaojikunja kidole kikifika palipoumia. Anamuuliza: ulisikia ganzi? Ulisikia kama umeme mikononi au miguuni, hata kwa dakika moja? Umekojoa tangu uanguke? Anamwambia asukume kwa vidole vya miguu, kisha avute. Anamwambia mzazi amrudishe kesho na keshokutwa, hata kama anacheza, na kwamba asicheze. Mtoto anayejibu vizuri, asiyeumia kidole kinapopita, aliye macho na asiye na jeraha jingine kubwa la kumsahaulisha maumivu ya mgongo, anaweza kwenda nyumbani bila mionzi. Zoezi lote huchukua muda wa kunywa kikombe cha uji. Mtoto asipofanyiwa hivyo Mukurweini au Chuka, sababu haiwezi kuwa kwamba sumaku iko Nairobi.

Linabaki lile la ambulensi, ambalo ndilo husemwa kwa uchungu zaidi na ndilo ninaloliheshimu zaidi. Mtoto ameanguka bondeni Tetu, ardhi ni mteremko, mvua imenyesha, na gari la hospitali halitafika kwa saa mbili. Basi watu wanamkunja na kumbeba kama gunia la viazi, anapakiwa kwenye boda boda katikati ya mwendeshaji na shangazi yake, kichwa kikiyumba kwa kila shimo. Wanafanya hivyo kwa upendo na kwa haraka, na haraka hiyo huzaa msiba ambao anguko halikuuzaa, kwa kuwa pingili iliyovunjika na ugwe ambao bado ni mzima zinaweza kukaa pamoja kwa amani hadi mtu amkalishe mtoto. Akiwa anapumua vizuri na hatoki damu nyingi, nusu saa ya kutafuta watu na kifaa haimpunguzii kitu. Vifaa vyenyewe viko kwenye boma lolote. Mlango wa jikoni ukitolewa bawabani ni ubao tosha. Wanahitajika watu wanne: mmoja anapiga magoti kichwani, anakishika kwa viganja viwili pande zote za masikio, na huyo ndiye anayehesabu. Watatu wanapiga magoti upande mmoja, mikono begani, kiunoni na magotini. Akisema tatu, mtoto anageuka wote kwa pamoja kama gogo, mlango unasukumwa chini yake, anarudishwa, anafungwa kwa shuka kifuani na mapajani. Asiyeshika kichwa asitoe amri. Gari la kubeba maziwa au pikapu ya kabichi itamfikisha, ikienda polepole.

Kuna jambo moja dogo ambalo hata wenye mafunzo hulisahau. Mlango ni bapa, na mtoto mdogo ana kile kichwa cha boga. Akilazwa chali juu ya ubao mtupu, kisogo humsukuma kichwa mbele na kidevu hushuka kifuani, yaani shingo inakunjwa na kifaa kile kile kilicholetwa kuinyoosha. Mabega na mgongo lazima viinuliwe kidogo, unene wa vidole viwili hivi, hadi sikio liwe sawa na bega. Sweta ya shule ikikunjwa mara mbili inatosha, na Nyeri ni baridi mwaka mzima. Hakosekani mtoto wa karibu aliyeivaa.